Herufi za "Kiafrika" kumbe za Mjerumani!

Wiki hii nina ugomvi na nyie mnaofungua saluni, vibanda vya chipsi na studio za picha hapa Mwanza. Vibao vyenu vinaniudhi!

Unazijua zile herufi nene, zenye kona kona kama zimekatwa kwa panga? Ukitaja simba, ngoma au safari, wazungu wanakubandikia hizo hizo. Mshikaji wangu mmoja wa Kirumba kaenda kutengeneza bango la saluni, kaonyeshwa kwenye kompyuta, kachanganyikiwa: "Hii ndiyo ya Kiafrika bwana!"

Kiafrika wapi? Zinaitwa Neuland. Alizitoa Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, kwenye kiwanda cha herufi cha Klingspor mjini Offenbach. Mzee mzima hakuchora kwanza, alichonga chuma moja kwa moja, ndiyo maana zina ule ukorofi wa mkono. Haya, Wajerumani tumewazoea, si hata jiwe letu pale ziwani linaitwa Bismarck? Lakini herufi za ukoo huo ndizo zilizopamba filamu ya Jurassic Park mwaka 1993. Dinosa naye Mwafrika? (Wa Tendaguru kule Lindi, sawa. Na huyo naye Wajerumani walimbeba, mifupa yake iko Berlin!)

Ukitaka zilizokatwa kwa mkono kweli, simama Buzuruga uangalie vioo vya daladala. Fundi anachukua stika, rula na wembe. Wembe haupendi kona za mviringo, basi O inatoka na pembe kama sanduku. Herufi nyembamba inachanika wakati wa kubandua karatasi ya nyuma, basi zote zinanenepa. Halafu maji ya sabuni kwenye kioo, anabandika, anasugua mapovu yatoke, kazi imekwisha. A ya kwanza na A ya pili hazifanani hata kidogo, kama watoto wa baba mmoja mama mbalimbali. Bomba kabisa!

Mwaloni ni habari nyingine. Stika haishiki kwenye mbao iliyolowa, kwa hiyo jina la mtumbwi ni brashi na rangi ya mafuta, tena kubwa.

Fundi wangu wa stika analalamika. Siku hizi mashine inakata yenyewe, wateja wanaikimbilia, halafu wanaichagulia herufi zinazojifanya zimekatwa kwa mkono! Mwenye mkono kakaa kwenye benchi anawatazama. Huo kama si uchizi ni nini?

Kwa hiyo wewe wa saluni, mtafute mtu wa wembe, mpatane bei bila kumnyonya. Ila mwandikie jina kwenye karatasi kwanza, maana tahajia ya mafundi wetu nayo ni ya mkono. Kuna "Saloooni" moja mjini ina O tatu.