Mwenye Darubini Usiku si Lazima Awe Jasusi

Nakawa ni mahali penye macho mengi. Makao makuu ya Polisi yako Naguru, kambi ya jeshi iko Mbuya, na barabara ya Jinja hailali. Mtu akipanda juu ya nyumba yake saa moja na nusu jioni, akaelekeza darubini ya macho mawili upande wa kilima cha Mbuya, hatushangai askari wa doria akimshuku. Kushuku ni kazi yake. Lakini twapenda kuwaambia askari wetu kwamba wako watu wasioitazama kambi hata kidogo. Wanatazama juu zaidi, wakihesabu mimweko ya vyombo vilivyokufa angani.

Vyombo hivyo ni setilaiti zilizokatika mawasiliano na mapipa ya roketi yaliyokwisha kutumika, vikibingirika bila msimamizi. Havina taa. Nuru tuionayo ni ya jua, ambalo kwetu limekwisha kuchwa lakini huko juu lingali linawaka; kila ubavu bapa ukituelekea hung'aa kama kioo, kisha giza. Envisat ya Ulaya, yenye tani nane hivi, ilirushwa Machi 2002, ikanyamaza Aprili 2012, na ingali inazunguka zaidi ya kilomita 700 juu yetu.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo wa gharama. Darubini ya 7 kwa 50, ambayo majeshi mengi huijua, saa ya kusimamisha, na daftari. Mtazamaji hupima muda tangu mmweko wa kwanza hadi wa kumi na moja, akagawa kwa kumi. Akirudia miezi mingi, mara nyingi huona muda huo ukirefuka, maana sumaku ya dunia huamsha mikondo ya umeme ndani ya chuma kinachozunguka, nayo hukipunguzia kasi. Huko Ubelgiji wapenzi wa anga walikusanya vipimo vya namna hii kwa miaka mingi. Si mchezo mtupu: tarehe 10 Februari 2009 Kosmos 2251, iliyokuwa mfu, iligongana na Iridium 33 iliyokuwa kazini, juu ya Siberia. Atakayetaka kuiondoa mizoga hiyo lazima kwanza ajue inabingirikaje.

Kwetu karibu na Ikweta jua hushuka wima, na nafasi ni fupi. Chombo kilicho kilomita 800 juu, kikipita utosini, huzama kivulini yapata saa moja na dakika hamsini baada ya machweo. Ndege iendayo Entebbe ina taa nyekundu na kijani. Chombo hiki ni cheupe, hakina sauti, na huweza kutoweka katikati ya anga. (Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, ilikuwa mche wa sentimita 10, asidanganye mtu kwamba aliiona kwa darubini ya mkononi.)

Twakubali kwamba jasusi naye aweza kujisingizia nyota. Basi askari aanze na salamu, kisha aulize: unangoja nini, kitatokea wapi, dakika gani? Njia za vyombo hivi hupigiwa hesabu mapema, na mtazamaji wa kweli ana jibu daftarini. Asubiri naye. Nuru ikitokea kwa dakika iliyotajwa, ushahidi gani zaidi watakiwa? Mtazamaji naye amwarifu mwenyekiti wa LC I na kituo cha polisi kilicho karibu, wala asishushe darubini kuelekea kambini. Na afande akiombwa kushika saa mwenzake anapohesabu, asikatae, kwa maana mikono miwili haitoshi kazi hii.