Tangazo Limfuate Mwanafunzi

Ubao wa matangazo humfaa aliye mbele yake tu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, huenda anaishi mbali na kituo chake cha masomo. Tarehe ya kujiandikisha kwa mtihani ikimpita, juhudi zake za miezi mingi huweza kupotea bure.

Vyuo vingi sasa vina tovuti, na hilo ni jema. Lakini tovuti nayo ni ubao: humngoja msomaji aiendee, tena kwa intaneti. Ujumbe mfupi wa simu, ambao wa kwanza ulitumwa Uingereza mwaka huohuo wa 1992, humfuata mpokeaji hata kwenye simu ndogo isiyo na intaneti. Ujumbe wa herufi 160, kila moja ikichukua biti 7, ni baiti 140 tu. Picha ya tangazo huweza kuzidi baiti milioni moja.

Basi vyuo vianze na chombo hiki: tarehe, mahali na ada, kwa maneno machache. Hata hivyo, kuwasiliana si kutangaza tu. Mwanafunzi akiuliza swali, pawepo ofisa wa kumjibu. La sivyo, tutakuwa tumeuhamisha ubao uleule kutoka ukutani hadi kiganjani.