Mpiga picha akikosa picha

Wandugu wanafunzi, mnaonijua ku masomo mnaniita "Foto". Kila feti, kila ndoa ya kwetu Mumosho, kila kundi la wafinalisti, ni mimi mnaita na telefone yangu. Basi wengi wameniuliza: mbona tangu Pasaka hupigi tena? Nilikuwa nawajibu ya kama telefone imeharibika. Haikuwa kweli. Telefone ilikuwa nzima, mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nimekauka.

Nieleze namna ilivyokuwa. Asubuhi natoka, naangalia migomba, naangalia mtelemko wa kwenda Ruzizi na vilima vya Rwanda ngambo, na moyo unasema: hii ulikwisha kupiga. Rafiki mmoja akanishauri: "Ndugu yangu, Mumosho haiko na kitu. Enda Bukavu, ku ziwa." Nikalipa pikipiki, nikaenda. Siku ile nilipiga picha zaidi ya 200: ziwa, mitumbwi, jua likishuka. Usiku nikaziangalia. Zote zilifanana na picha za kalendari! Na nilikuwa nimekwisha kula franka za daftari.

Sasa mawazo yangu ni haya, na anayetaka kunipinga anipinge: mpiga picha akikauka, mara nyingi si macho yamechoka. Iko kitu anakimbia. Mimi najua kile nilikuwa nakimbia. Ni mama mmoja wa soko. Nilimpiga picha akiwa na kitunga mgongoni, kamba ku paji la uso, jasho linatiririka. Sikumuomba ruhusa. Akasimama, akaniuliza: "Mwana wangu, hiyi sura yangu unaipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilitaka paka kuonyesha taabu, sababu picha za Kivu zinazozunguka dunia mingi ni za namna ile: wakimbizi, mizigo, machozi. Kumbe nilikuwa nimejifunza kuangalia wamama wetu na macho ya wageni. Tangu siku ile mkono wangu ukawa mzito, nikaanza kudanganya watu juu ya telefone.

Wengine watasema: nunua kamera nzuri, itapita. Mimi nasema hapana. Seydou Keïta wa Bamako, kule Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Kwa desturi alikuwa anapiga picha moja tu kwa kila mteja, juu vifaa vilikuwa bei kali. Moja! Kwa hiyo alipaswa kwanza kumpanga mtu vizuri, kumtazama, kumtengeneza nguo, ndipo apige. Na sisi tunapiga 200 bila kusalimia mtu.

Mwingine ni wa Congo yetu, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Huko viwanda vikubwa vya madini vilianguka, na mtu angesema hakuna cha kupiga isipokuwa chuma chenye kutu. Yeye alitafuta picha za zamani, za wafanyakazi wa wakati wa Wabelgiji, akawatoa ndani yake, akawaweka mbele ya magofu aliyoyapiga mwenyewe. Kazi ile ya mwaka 2006 inaitwa Mémoire. Hakukimbia mji wake ili apate picha. Aliuuliza.

Mimi siko Baloji, msinicheke. Lakini nilienda kwa koko wangu, nikamuomba ile picha yake ya studio, iliyochanika ku pembe, mume wake amesimama na koti nzuri sana. Koko akacheka. Koti ilikuwa ya mpiga picha, kila mteja alikuwa anaivaa! Tukaongea mpaka mihogo ikaiva. Akanipeleka pale walijenga nyumba yao ya kwanza, leo ni shamba la maharagi. Nikamwambia asimame pale na ile picha mkononi. Akakataa kusimama. Alitaka kuketi, na kubadilisha kitambaa kwanza. Nikangoja. Nilipiga tatu tu, na moja iliharibika, kidole changu kiliingia.

Rafiki yangu ananiuliza nani atalipa picha za namna ile. Hakuna. Za ndoa nitaendelea kupiga, juu masomo inalipwa. Lakini nisipige paka zile.

Jumamosi iliyopita nilirudi ku soko na picha ya yule mama, niliyoitolesha ku karatasi kule Bukavu. Nikamuomba msamaha. Akaiangalia muda mrefu, mimi nikiwa natetemeka, akasema haimupendezi. "Piga ingine, bila kitunga." Akajipangusa uso, akaomba kitenge cha mwenzake, akasukuma kitunga nyuma ya meza. Wamama wengine walikuwa wanapiga kelele, wanamwambia acheke. Hakucheka. Hiyo nilimpelekea juma lililofuata, iko nyumbani kwake. Ya kwanza alinirudishia, akaniambia niipasue. Niliipasua mbele yake.