Tumaini Lisilosahau

Ipo methali ipendwayo mno na viongozi wetu kila baada ya msiba wa kisiasa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tumeisikia mikutanoni, na kwa aibu twakiri kwamba tumeisikia hata katika mahubiri yetu sisi mapadre. Twaona kuwa mara nyingi hutumiwa kumnyamazisha aliyeumizwa, wala haifai kuitwa tumaini la Kikristo.

Imani yetu ni imani ya safari. Abrahamu aliitwa kuondoka. Wana wa Israeli, bahari ikiwa mbele na magari ya Farao nyuma, waliamriwa kusonga mbele kabla maji hayajagawanyika. Lakini kuna jambo ambalo sisi wahubiri hulipita haraka: siku ya kutoka Misri, Musa aliichukua mifupa ya Yosefu. Taifa lile lilisonga mbele likimbeba marehemu wake. Naye Kristo Mfufuka aliwatokea wanafunzi wake akiwaonyesha majeraha yake, hakuyaficha.

Basi tuitazame Kenya yetu. Mapigano yaliyoanza Meteitei mnamo Oktoba 1991 yaliwafukuza maelfu ya watu mashambani mwao katika Bonde la Ufa, na wengi walijihifadhi katika viwanja vya makanisa. Waliotimuliwa Enoosupukia mwaka 1993 walikusanyika Maela; Desemba 1994 kambi yao ikavunjwa, wakapakiwa malorini kama mizigo. Padre John Kaiser, mmisionari wa Mill Hill aliyekaa nao kambini, alikataa yasahauliwe, akatoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi. Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha. Mwaka 2007 mahakama iliamua kwamba aliuawa. Hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho.

Miezi michache baada ya uamuzi huo nchi iliwaka tena, na watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Je, ni nani awezaye kusema kwamba yaliyopita hayakuwa ndwele? Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013, nasi tukaambiwa tukubali tusonge mbele. Kusonga kwenda wapi, na nani akiachwa nyuma?

Mwaka 2025 Kanisa liliadhimisha Jubilei ya Mahujaji wa Matumaini. Tulivaa fulana, tukaimba, tukaandamana hadi makanisa ya hija. Vema. Hata hivyo, jubilei ya Kitabu cha Walawi ilidai kila mtu airudie milki yake, na neno hilo la ardhi halikusikika sana katika maandamano yetu.

Hatusemi watu wakae wakilia kando ya njia. Mjane aliyepoteza shamba amelima la kukodi, amesomesha watoto, na bado huja jumuiyani. Huyo ametutangulia katika tumaini. Tunachomdai asahau ni kipi, ilhali hatujawahi kumwuliza yaliyompata?

Wazee wanaojua mipaka ya mashamba yale, wenye stakabadhi zilizofungwa kwenye mifuko ya nailoni, wanafariki mmoja mmoja. Kamati za haki na amani za parokia ziwaendee hao kwanza, na daftari mkononi, kabla ya Kwaresima ijayo.