Baridi Si Mwalimu

Kuna msemo mmoja ambao nimeusikia kwa walimu wenzangu kwa zaidi ya miaka arobaini, nami mwenyewe niliutumia nilipokuwa kazini: "Waache waonje baridi, ndivyo wanavyokomaa." Husemwa kila mara vijana wanapopelekwa kupiga kambi mahali pa baridi, wawe maskauti, wanafunzi wa jiografia au wanachuo wa ualimu. Husemwa kwa kicheko, na aghalabu msemaji ni yule ambaye usiku huo atalala ndani ya nyumba. Nataka kuupinga msemo huo, na sababu yangu si uzee wala mifupa inayouma. Naupinga kwa sababu uliwahi kunifikisha mahali ambapo nilikaribia kuwazika wanachuo wanne.

Mwaka huo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu katika Nyanda za Juu Kusini. Mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na kipupwe kikianza, tulipeleka wanachuo kwenye uwanda wa Kitulo kwa mafunzo ya vitendo. Kitulo, ambayo tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa na wenyeji huiita Bustani ya Mungu, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600. Mwalimu yeyote wa jiografia anajua kwamba kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Nililifundisha somo hilo ubaoni mara nyingi. Hata hivyo, nilipoandaa orodha ya vitu vya safari, niliandika blanketi moja kwa kila mwanachuo.

Tulipiga mahema bondeni, kando ya kijito, ili tuwe karibu na maji. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwani hewa ya baridi ni nzito, nayo usiku huteremka na kutuama bondeni kama maji. Kosa la pili lilikuwa kutandika turubai juu ya ardhi tupu na kuwaambia vijana walale hapo. Jua lilipozama mbingu zikawa safi bila wingu, na kabla ya saa nne majani yalikuwa yameanza kushika sakitu, ule umande ulioganda unaounguza viazi vya wakulima wa huko.

Wasichana wa hema moja walikuja kuniomba jiko la mkaa. Nilikubali. Niliwaambia tu wahakikishe mkaa umewaka vizuri na moshi umekwisha kabla ya kuliingiza ndani. Nilidhani hatari ni moshi. Wakaingiza jiko, wakafunga mlango wa hema barabara ili joto lisitoke, wakalala.

Aliyewaokoa hakuwa mimi. Alikuwa mpishi wetu, mama mtu mzima mwenyeji wa Makete, aliyeamka usiku akasikia mtu akitapika. Alifungua hema akakuta watatu wanalalamika kichwa na hawawezi kusimama, na wa nne haitiki kabisa. Aliwaburuta nje mmoja mmoja kwenye hewa safi, ndipo akaniita. "Mkuu," aliniambia, "jiko halilali na watu." Yule wa nne alizinduka tukiwa njiani kwenda hospitali.

Daktari alinieleza jambo ambalo mtu wa cheo changu alipaswa kulijua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haihitaji moshi ili kuua. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu huendelea kuzunguka huku haibebi kile mwili unachokihitaji. Mtu aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huweza kupita moja kwa moja kutoka usingizini hadi mautini. Jiko linaloonekana kufifia bado linatoa hewa hiyo, na kuacha mlango wazi kidogo si kinga ya kutegemewa.

Sasa niwajibu wale wanaonipinga, maana wapo, na wengine ni marafiki zangu.

Wa kwanza husema, "Mzee, sisi tulipitia JKT, tukalala kwenye baridi na tuko hai." Nakubali kwamba wako hai. Lakini ukakamavu niliouona jeshini ulitokana na mazoezi na nidhamu, wala sikumwona afande mwenye akili akiwaacha vijana walale na nguo zilizolowa ili wajifunze uzalendo. Baridi ikizidi mwilini haimkomazi mtu. Kwanza hutetemeka, kisha vidole vinakataa kufunga hata kamba ya kiatu, ulimi unakuwa mzito na akili inachanganyikiwa. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, ujue hali imezidi kuwa mbaya. Ni somo gani linaloingia katika kichwa kama hicho?

Wa pili husema, "Tungependa, lakini mifuko ya kulalia ni ghali, hiyo ni mambo ya watalii." Hoja hii naiheshimu zaidi kwa sababu umaskini wetu ni wa kweli. Lakini siku ile mpishi wetu hakuwa na mfuko wa kulalia, na alilala vizuri kuliko sisi sote. Alikuwa ametandika majani makavu unene wa mkono mzima, juu yake magunia matupu, ndipo akajifunika. Alijua kwamba ardhi hunyonya joto la mwili, na kwamba blanketi unalolilalia hubanwa likawa kama karatasi. Blanketi halina joto lake lenyewe. Kinachotutia joto ni hewa iliyotulia ndani yake, na ukiibana hewa hiyo hubaki na kitambaa tu.

Mengine aliyoyafanya nayo hayakuwa na gharama. Alipiga kambi yake ya jikoni mahali palipoinuka kidogo, penye kinga ya upepo. Alibadili nguo zote kabla ya kulala, maana hata jasho la mchana huiba joto usiku. Alivaa soksi kavu na kilemba kichwani. Alikula ugali na maharage akashiba, kwani mwili ni jiko na chakula ndicho kuni zake. Alichemsha maji, akayatia katika chupa iliyofungwa barabara, akaiviringisha kwa kitambaa na kuiweka miguuni. Aliacha upenyo juu ya turubai lake ili mvuke wa pumzi utoke usije ukamlowesha. Na vijana wa kiume walipomletea ulanzi wakidai unapasha moto, aliukataa. Pombe humpa mtu hisia ya joto kwa kuwa damu hukimbilia kwenye ngozi, na huko ndiko joto linakotorokea.

Hayo yote yanaweza kufundishwa kwa kipindi kimoja cha dakika arobaini. Kwa hiyo wanaposema hatuna uwezo, nauliza: hatuna uwezo wa kukata majani? Tulichokosa ni unyenyekevu wa kumuuliza mpishi kabla ya safari.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Katika taarifa yangu kwa wakubwa niliandika kwamba wanachuo wanne "waliugua kwa sababu ya baridi kali". Sikutaja jiko, wala kwamba niliruhusu mimi. Nilijiambia kuwa nalinda jina la chuo. Matokeo yake, mwaka uliofuata kundi jingine lilikwenda na majiko, kwa kuwa taarifa ilikuwa imewaonya juu ya baridi. Hawakudhurika, lakini hilo silihesabu kuwa sifa yangu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliuficha mwiba njiani wanamopita watoto wa watu.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule na vyuo wanaosoma haya: kabla ya kutia sahihi kibali cha kambi, ulizeni vijana watalalia nini, nguo kavu za usiku ziko wapi, na jiko litakaa umbali gani na mahema. Kama hakuna mwenye majibu, ahirisheni safari. Na wale wasichana wanne, ambao sasa ni walimu wa makamo, wajue kwamba hawakuugua baridi. Walitiwa sumu na ruhusa yangu.