Nyumba Iliyo Chini ya Nyumba

Huenda unaye jamaa aliyehamia Marekani, naye amekuandikia kwamba ile orofa ya chini ya ardhi ameigeuza kuwa makao ya mpangaji: vyumba viwili, jiko na choo. Sasa ataka kukopa tena, maana adhani thamani ya nyumba imekwisha panda kwa kadiri ya nafasi aliyoongeza. Mwambie angoje kidogo.

Tuseme orofa ya juu ina futi za mraba 1,200, na ya chini 800. Mthamini haandiki 2,000. Huandika 1,200, na zile 800 huziweka mstari wake peke yake. Tangu Aprili 2022 shirika la Fannie Mae, linalonunua mikopo ya nyumba kutoka mabenki, limewataka wathamini wafuate kipimo kimoja: orofa ambayo sehemu yake yo yote imo chini ya udongo haijumlishwi na za juu, hata ikiwa na mlango wake wa nje.

Je, kazi yote ni bure? Sivyo. Makao hayo huongeza bei, lakini kwa kawaida futi ya chini hailingani na futi ya juu. Mthamini hutazama nyumba za jirani zilizouzwa zenye makao kama hayo. Huuliza pia habari za kibali. Tena chumba cha kulala chataka dirisha la kutosha mtu kutokea, moto ukiwaka.

Basi amwulize mthamini kwanza, ndipo amwite fundi. Deni halipimwi kwa jasho lililomwagika.