Mwalimu wa Bao na Sataranji Si Mzururaji

Kuna tangazo ambalo watumishi wa serikali katika nchi yetu wameliandika mara nyingi, na sisi tumo miongoni mwa walioliandika. Maneno yake hubadilika kidogo kutoka wilaya moja hadi nyingine, lakini maana yake ni ile ile: ni marufuku kucheza bao, drafti na karata saa za kazi, na atakayeonekana akicheza atachukuliwa hatua. Tulipokuwa vijana ofisini tulilipiga chapa kwa mikono yetu, tukalibandika ukutani, tukaondoka tukiwa tumeridhika kwamba siku ile tumelijenga taifa. Leo twashika kalamu kulipinga. Hatulipingi lote, kwani mtu mzima aliyeacha shamba lake liingie magugu ili ashinde kwenye baraza hana wa kumtetea, na sisi hatutakuwa mawakili wake. Twapinga upofu uliomo ndani ya tangazo lile, upofu wa kutotenganisha mtu anayepoteza wakati na mtu anayefundisha watoto.

Tuseme tulichokiona. Mto Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa, ukapita kando ya mji wa Ifakara kuelekea Mto Kilombero, na kata iliyopewa jina la mto huo ni kata ya wakulima wa mpunga. Katika bonde hili msimu ndio mtawala. Mpunga ukianza kutoa masuke, jamaa nyingi huhamia mashambani, wakalala kwenye madungu, na watoto hupewa kazi ya kuamia ndege kuanzia alfajiri hadi jua kuzama. Mtoto aliyekwisha kuamia ndege anajua subira ni kitu gani. Anajua pia kuchimba mashimo katika udongo na kucheza bao kwa kokoto, kwa kuwa mchana ni mrefu na ndege hawaji wote kwa pamoja.

Basi pale Lumemo, chini ya mwembe, palikuwa na mtu wa makamo ambaye jina lake hatulitaji, kwa sababu hakututuma tumsemee. Alikuwa na bao moja la mti, na ubao mmoja wa sataranji aliouchora mwenyewe kwa rangi juu ya kipande cha mbao. Kete za sataranji zilizopotea alizifidia kwa vizibo vya soda na vipande vya magunzi. Watoto walimjia baada ya masomo, wavulana kwa wasichana, naye aliketi nao mkekani mpaka macho yasione tena mashimo. Hakumlipisha mtu. Siku moja, mnamo saa tisa alasiri, mgambo walipita wakitekeleza tangazo kama lile letu. Watoto walitimua mbio, bao likachukuliwa. Lilirudishwa siku ya tatu baada ya maelezo mengi, lakini watoto hawakurudi wote. Wazazi walikwisha kuambiwa kwamba ule ni mchezo wa wazururaji, na mzazi gani ataka mwanawe alelewe na mzururaji?

Twauliza sasa, mtu yule alikuwa akifanya kazi gani?

Wengi wa wanaolidharau bao hawajapata kuketi mbele yake. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, kila mchezaji akiwa na 32. Mchezo huanza kete kumi za kila mchezaji zikiwa tayari ubaoni, sita kati ya hizo ndani ya nyumba, na 22 zikiwa mkononi. Katika sehemu ya kwanza, iitwayo namua, mchezaji hutia kete moja moja kutoka mkononi. Zikiisha ndipo mtaji huanza, na hapo kila kete iliyomo duniani imo ubaoni, hakuna ya akiba wala ya kuombea. Kula ni lazima penye kula. Asiye na cha kula hutakata. Kete zilizoliwa hutiwa kuanzia kichwani, zikazunguka, zikaamsha shimo jingine, nalo likaamsha jingine, hata mchezaji aweza kuanza na kete mbili akamaliza amegeuza ubao mzima. Fundi wa bao huiona safari hiyo yote kabla hajagusa kete. Huhesabu kwa macho. Ukiinua kete, umekwisha kusema neno lako.

Mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikwenda Unguja kuwachunguza mafundi hawa, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya uwezo wa akili zao wa kuhesabu na kukumbuka. Hatusemi haya ili kujivunia sifa kutoka ng'ambo. Twasema kwa uchungu: mgeni alitoka Leiden kuja kusoma kwenye baraza zetu, nasi tulikuwa tukiandika tangazo la kuzifunga.

Ama kuhusu sataranji, tumesikia hoja ya namna nyingine, nayo hutoka kwa watu ambao twawaheshimu, wapenzi wa utamaduni. Wanasema: bao tunalikubali, ni letu; lakini huyo mwalimu wenu ataka nini na mchezo wa Wazungu? Hoja hii yastahili jibu, kwa kuwa imevaa vazi la uzalendo.

Kwanza, sataranji si ya Wazungu. Ilizaliwa Bara Hindi, ikaenda Uajemi, Waarabu wakaichukua na kuieneza, na Wazungu waliipata baadaye sana. Neno lenyewe tunalolitumia lilitufikia kwa Kiarabu, na asili yake ni Kihindi cha kale. Mfalme wa mchezo huo kwa Kiswahili ni shaha, na sisi watunzi wa mashairi twalijua neno hili vizuri, kwani ndilo tumpalo malenga aliyewapita wenzake. Neno lililokwisha kuingia katika ushairi wetu haliwezi kuitwa la jana. Na kwa wanaopenda hesabu, sataranji ina vyumba 64 na bao lina kete 64. Watoto wa Lumemo waligundua jambo hilo wenyewe, wakalicheka.

Pili, Mwalimu Nyerere alikwisha kuijibu hoja hiyo tarehe 10 Desemba 1962, siku alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Watu hupenda kukumbuka nusu ya kwanza ya maneno yale, pale alipowasuta wasomi wanaojua ngoma za kigeni na kuzisahau za kwao. Nusu ya pili hawaikumbuki. Alisema pia, na kwa maneno makali, kwamba taifa linalokataa kujifunza kutokana na utamaduni wa mataifa mengine limepungukiwa na akili, ila kujifunza huko kusiwe sababu ya kuutupa utamaduni wetu. Naye alikuwa mpenzi wa bao, na picha zake akiwa ameinamia mashimo zinajulikana. Yule mtu wa Lumemo, aliyeliweka bao na sataranji juu ya mkeka mmoja, aliifuata hotuba ile kuliko wengi wetu tunaoinukuu.

Lakini hatujafika kwenye kiini cha maneno yetu. Kiini si bao wala sataranji. Ni mtu anayeketi na watoto.

Majirani zetu wa Uganda wametupa mfano ambao dunia nzima imeusikia, na twahofu kwamba wengi wameusikia vibaya. Mwaka 2004 Robert Katende, kijana aliyesomea uhandisi, alianza kuwafundisha sataranji watoto wa Katwe, mtaa wa watu maskini katika jiji la Kampala. Watoto walikuja kwa ajili ya uji. Huo ndio ukweli, na hauna aibu: uji ulikuwa ndani ya kikombe, mchezo ukawa ubaoni, na aliyetaka kimoja alikipata na kingine. Mwaka uliofuata alikuja Phiona Mutesi, mtoto aliyekuwa amekwisha kuacha shule kwa kukosa ada, naye alikuja akimfuata kaka yake. Aliyemfundisha namna kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2009 alikwenda Juba na watoto wenzake wawili, wakarudi na ushindi. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na baada ya Olimpiadi ya Istanbul ya mwaka 2012 akatunukiwa cheo na chama cha dunia. Kitabu kikaandikwa mwaka huo huo, na mwaka 2016 ikaja filamu.

Filamu hiyo imewafikia hata vijana wetu, na wanafunzi tuliozungumza nao wanamjua Phiona. Wanamwona kama bahati iliyoanguka kutoka mbinguni. Mtu wa uji hawamwoni. Hawamwoni mtu aliyerudi siku baada ya siku, miaka kabla ya mwandishi yeyote kufika Katwe, akakoroga, akapanga kete, akafuta pua za watoto, akaenda kwa mama zao kuwaeleza kwamba mchezo huu si kamari. Asingekuwapo huyo, kipaji cha Phiona kingeuza mahindi ya kuchoma mpaka leo, wala pasingekuwa na wa kujua kwamba tumepoteza kitu. Ni vipaji vingapi vimeuza mahindi Ifakara, pale stesheni ya TAZARA, treni zikipita? Hatuwezi kuhesabu, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe.

Sasa tujitazame sisi watumishi. Katika mashindano ya michezo ya wizara na idara, yaani SHIMIWI, bao limo, drafti imo, karata imo. Watumishi husafiri kwa gharama ya ofisi, huvaa sare, hupigiwa makofi na viongozi, na washindi hurudi na vikombe. Hatuoni kosa. Tumepata kushiriki wenyewe, tukashindwa katika mzunguko wa kwanza na mama mmoja mtunza kumbukumbu ambaye hakutuonea huruma. Lakini yawezekanaje mchezo ule ule uwe michezo kwa karani na uzururaji kwa mtoto wa mkulima? Katika mashindano ya shule twasikia soka, netiboli, riadha, wavu, mpira wa mikono. Yote mema. Mwalimu wa shule yako alilitaja bao lini mara ya mwisho? Mwalimu wa soka hupewa filimbi na mpira, na akichelewa nyumbani husemwa kwamba ana moyo. Mwalimu wa bao akichelewa nyumbani husemwa kwamba hana kazi.

Wala wazee wetu hawana udhuru. Kwenye baraza nyingi mtoto akisogea hufukuzwa, akaambiwa aende akachote maji, au kwamba macho yake yanamtia mchezaji nuksi. Kisha wazee hao hao hulalamika kwamba bao linakufa na vijana hawaujui mtaji. Wangeujulia wapi? Bao halijifunzwi kwa kusikia mlio wa kete kutoka jikoni. Mzee anayetaka bao lisife na amwite mjukuu wake aketi, amwachie ubao, avumilie akiona nyumba ikivunjwa kijinga, na asicheke.

Yatakayohitajika hayazidi uwezo wetu. Mbao ya bao huchongwa na fundi yeyote wa kijiji. Na ikikosekana mbao, udongo wa Kilombero haujawahi kukataa kuchimbwa mashimo. Kete ni komwe, au kokoto. Ubao wa sataranji huchorwa kwa makaa. Chumba cha darasa hukaa kitupu Jumamosi nzima, ufunguo wake uko kwa mwalimu mkuu, na mtu wa kufundisha mara nyingi yupo tayari, ila hakualikwa. Tumemwendea yule bwana wa Lumemo tukamwuliza kama angekubali kufundishia darasani. Alituuliza swali moja tu: barua ya ruhusa ataiandika nani, maana ile ya kukataza aliiona, ilikuwa na mhuri.

Tumeiandika. Bado twasubiri aitie mhuri.